Dawa Nyekundu na Moyo Wako

Mwende, binti yangu,

Barua za kwetu huanza kwa kuulizana hali, na mwandishi hujitangaza kuwa mzima kabla hata hajaulizwa. Hayo nitayaruka. Hali yako ndiyo hasa ninayotaka kuiandika, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiijibu vibaya.

Wewe na baba yako mmeenda madukani kununua shuka na taa ya mezani. Mtakawia, maana baba yako hajawahi kupita mbele ya duka la vifaa bila kuingia kushika nyundo. Nina saa mbili, labda tatu. Mambo ya kufua nguo, kupika wali usioshikana na kutomfungulia mtu usiyemjua ameshakuandikia yeye, karatasi mbili, mbele na nyuma, na amezibandika ndani ya kifuniko cha sanduku lako. Zisome, zitamfurahisha.

Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Kwa Kiingereza mimi ni muuguzi: ningekuandikia ripoti ya mgonjwa, ningeweka sahihi, nikaenda zangu. Kwa Kiswahili nilikuwa mwalimu wa darasa la nne kule Machakos, na kabla ya hapo mtoto wa watu. Huku sina pa kujificha. Najua utasoma polepole huku ukinung'unika kwa Kiingereza.

Jambo lenyewe nalitanguliza, usije ukalitafuta. Dawa iliyokuponya ulipokuwa na miaka minane inaweza kuudhuru moyo polepole, hata miaka mingi baada ya mtu kupona. Ulitakiwa kupimwa moyo mara kwa mara. Umepimwa mara mbili tu, na sababu ni mimi. Kesho unaondoka kwenda kukiwakilisha chuo katika mbio za maili, na hujui.

Sasa nieleze kwa utaratibu.

Wewe unakumbuka vipande. Unakumbuka kofia ya manjano, samaki wa kwenye tangi pale kliniki, na mkojo mwekundu uliokuchekesha mpaka ukamwita baba yako aje aone chooni. Sisi tuliuita ule ugonjwa wa shingo. Neno saratani halikutamkwa nyumbani kwetu. Ulilisoma mwenyewe kwenye kompyuta ukiwa na miaka kumi na miwili, ukaja kuniuliza, nikakwambia ndiyo, ilikuwa saratani ya tezi za limfu, lakini ilikwisha. Kisha nikakutuma ukatoe nguo kwenye mashine.

Tulikuwa tukiishi Manassas wakati huo, miaka yetu ya kwanza hapa Marekani. Nilidhani ni tonsili. Nilikukanda shingo kwa maji ya chumvi wiki tatu kabla ya kukupeleka kwa daktari, na hilo pia ni kosa, ila ni dogo na nimeshamalizana nalo. Daktari aliyekupokea mwishoni alikuwa mwanamke mfupi anayevaa viatu vya michezo, na alizungumza nasi bila haraka. Alituambia utapewa dawa kadhaa kwa pamoja, na kwamba kuna moja anataka tuifikirie peke yake. Inaitwa doksorubisini. Ni dawa ya zamani, madaktari wanaijua ndani nje, na kwa ugonjwa wako ilikuwa imeponya watoto wengi kabla yako. Wauguzi huiita shetani mwekundu, kwa rangi yake na kwa tabia yake. Mimi wakati huo sikuwa muuguzi. Nilikuwa nikiwaogesha wazee majumbani mwao, na shetani nilimjua wa kanisani tu.

Akasema inaangusha nywele, inatapisha, inashusha damu, na hayo yote hupita. Lakini moyo ni habari nyingine. Mtu ana kiasi cha dawa hiyo anachoweza kupewa maisha yake yote, na ukizidisha, misuli ya moyo inaanza kuchoka. Kwa mtoto, alisema, hakuna kiasi ambacho angeapa kwamba ni salama kabisa, kwa sababu moyo wenyewe bado unakua. Baba yako akauliza kama inawezekana kuiacha hiyo moja na kutumia hizo nyingine. Akajibu kwamba inawezekana, lakini hatakuwa na hakika ile ile ya kukuponya. Alitupa namba. Sitaziandika hapa. Zilikuwa namba za watoto wengi, nawe ulikuwa mmoja, umekaa nje unapaka rangi picha ya bata.

Unajua mimi niliuliza nini? Niliuliza kama nywele zitarudi. Katika yote aliyoyasema, nilishika lile ambalo watu wangeliona.

Daktari alijibu kwa upole kwamba zitarudi. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku hiyo: "Ugonjwa huu tunaweza kumalizana nao. Dawa hii hamtamalizana nayo. Mtampima mtoto moyo maisha yake yote." Baba yako akanitazama. Nikatia sahihi mimi, kwa sababu yeye alikuwa ameishika kofia yake kwa mikono miwili na hakuiachia.

Niseme waziwazi, usije ukaisoma barua hii ukadhani najutia sahihi ile. Sijutii. Nikirudishwa kwenye chumba kile leo, na yote niliyosomea tangu hapo, nitatia tena. Bila dawa ile kuna uwezekano mkubwa nisingekuwa na mtu wa kumwandikia. Dawa ilifanya kazi yake. Asiyefanya yake ni mimi.

Ulimaliza matibabu na ukapimwa, wakasema hawauoni ugonjwa. Mwaka uliofuata tukarudi, wakakulaza kwenye kitanda, wakakupaka mafuta baridi kifuani na kuutazama moyo wako kwenye skrini. Ulipiga kelele kwamba mafuta ni baridi. Moyo ulikuwa mzuri. Mwaka wa pili tukarudi, vivyo hivyo. Baada ya hapo kanisa likasema ni wakati wa shukrani.

Unalikumbuka kanisa letu la Manassas, ule ukumbi wa kukodi nyuma ya karakana za magari, ambapo treni ikipita mchungaji alinyamaza mpaka imalizike. Watu wale walitubeba. Walipika, walikufulia, walikaa nawe nilipokuwa zamu. Kwa hiyo Jumapili ya shukrani haikuwa yangu peke yangu. Wanaume waliamka alfajiri wakaenda shambani kwa Mmarekani mmoja, wakachinja mbuzi wawili kwa mikono yao, na yule Mmarekani akawa anapiga picha. Nilikuvalisha gauni jeupe. Nikasimama mbele nikatoa ushuhuda, na nilipofika mwisho, ukumbi wote ukiwa umesimama na vigelegele vimeanza, nikasema: "Mwanangu hana tena cha kutafuta hospitalini."

Daktari hakusema hivyo. Daktari alisema hawauoni ugonjwa, na tusiache kuja. Niliongeza maneno kwa sababu watu walikuwa wamesimama. Si uongo wa kupangwa. Ni jinsi mtu anavyoongeza chumvi wageni wanapokuwa wengi.

Mwaka wa tatu tarehe ya kupimwa ilipokaribia, baba yako alikuwa akiendesha teksi ya uwanja wa ndege mchana na usiku, na mimi sikuwa na gari. Nikampigia simu mwenyekiti wa akina mama, ambaye ndiye aliyekuwa akitupeleka kliniki tangu mwanzo, nikamwomba atupeleke tena. Akauliza nani mgonjwa. Nikamwambia hakuna, ni Mwende, wanataka kumwangalia moyo.

Kisha akasema, "Mama Mwende, si mlishatestify? Sasa watu wakiskia mmerudi hosi tuwaambie nini?"

Aliliuliza kwa upole. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ningependa ulielewe zaidi ya yote. Ndiye aliyekushikia beseni ukitapika wiki ambayo mimi nilikuwa nimekosa ruhusa kazini. Kama angekuwa mtu mbaya ningemjibu. Nikamwambia ni jambo dogo tu, linaweza kusubiri. Nikapigia kliniki nikaahirisha. Baba yako alipouliza usiku ule kama moyo uko sawa, nikamjibu, "Mzima." Alikuwa amechoka, akafurahi, akalala. Mwaka uliofuata aliuliza tena, na jibu lilikuwa tayari mdomoni.

Kisha tukahamia huku Wheaton, na barua za kliniki zikabaki zinakwenda kwenye nyumba ya zamani. Nilijua zinakwenda huko. Sikuwapa anwani mpya.

Hapo ningeweza kusema sikujua uzito wake, na kwa miaka miwili mitatu ingekuwa karibu na kweli. Lakini nikaingia chuo cha uuguzi. Unakumbuka vitabu vile vilivyojaa meza mpaka tukawa tunakula tumepakata sahani. Katika somo la dawa tulifika ukurasa wa doksorubisini, na pale palikuwa na kila kitu alichosema yule daktari, kimeandikwa kwa herufi ndogo. Kwenye mtihani waliuliza ni kiungo gani kinachopaswa kufuatiliwa kwa miaka mingi kwa mtu aliyewahi kupewa dawa hiyo. Nikaandika moyo. Nikawekewa vema. Nikarudi nyumbani nikakupikia chapati na sikusema neno.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema siku ile. Aibu ya kanisa ilikuwa imeshapungua, tulikuwa mbali nao. Nadhani ni kwamba nisingeweza kukupeleka bila kumweleza baba yako kwamba kila "mzima" niliyompa ilikuwa hewa. Uongo wa neno moja ukiuacha ukae, unaota mizizi kwenye nyumba. Niliogopa kuing'oa kuliko nilivyoogopa ugonjwa. Hilo nimeliandika bila kulipamba.

Badala yake nikawa nakupima kwa siri. Ulipoanza kukimbia shuleni nilikuja kwenye kila shindano, nikakaa jukwaani bila kushangilia. Ulidhani sipendi michezo, na uliwahi kuniambia hivyo ukiwa umenuna. Nilikuwa nautazama mdomo wako ulipovuka mstari, nione kama rangi imebadilika. Nilikuwa nahesabu inakuchukua muda gani kurudisha pumzi. Na zile jioni nilizokukanda miguu kwa mafuta ya nazi, ukajigamba kwa wenzako kwamba mama yako anakudekeza, nilikuwa nabonyeza kifundo kwa kidole gumba nione kama kinaacha shimo. Moyo ukishindwa kazi, maji hukusanyika pale. Hakikuacha shimo hata siku moja. Nami nikaridhika, kama kwamba kidole cha mama ni mashine. Ninapowafundisha wanafunzi wa uuguzi huwaambia kwamba moyo unaweza kudhoofika muda mrefu kabla mguu haujavimba. Nawaambia kwa sauti ya kujiamini kabisa.

Maana siku hizi, Mwende, ndiyo kazi yangu. Dawa ile ile naichoma mimi. Haitundikwi hivi hivi kama maji. Tunaisukuma kwa mkono, kwa sirinji kubwa, taratibu, tumevaa glovu mbili na joho, huku tukiangalia kila wakati kama bado tuko ndani ya mshipa, kwa sababu ikivuja nje inaunguza nyama. Inachukua dakika kadhaa. Katika dakika hizo mgonjwa hana pa kwenda nami sina pa kwenda, kwa hiyo tunaongea.

Mwezi Mei nilikuwa na mama mmoja mzee, mwalimu mstaafu aliyezaliwa na kuzeekea mtaa wa Shaw, mwenye macho yanayosahihisha. Alikuwa amesoma kila karatasi tuliyompa. Ikafika katikati ya sirinji ya pili akaniuliza, "Hii kitu ungempa mtoto wako mwenyewe?"

Nikamwambia nilimpa. Nilipenda kulijibu swali hilo, niseme kweli. Wagonjwa hutulia nikiwaambia.

"Na moyo wake?"

Nikasema unakimbia. Nikamweleza habari za medali.

Akanitazama. "Sijakuuliza kama anakimbia," akasema.

Nilimaliza sirinji. Nikaandika saa kwenye faili, nikaenda chumba cha kubadilishia nguo, nikakaa kwenye benchi na glovu bado mkononi. Nililia, ndiyo. Lakini sikukuambia hata siku hiyo. Niliendelea kungoja wakati mzuri, nao nilikuwa nikiuzuia mwenyewe usifike.

Kisha ikaja ile fomu ya afya ya chuo. Ulikuwa umekaa hapa hapa nilipo, unajaza mbio mbio, kalamu mdomoni. Ukasoma swali kwa sauti: "Mom, heart problems, treatments, chochote? Hapana, right?" Baba yako alikuwa mlangoni anafunga kamba za viatu. Nikasema, "Hapana." Ukaweka alama. Uliniamini haraka kiasi kwamba hata hukuinua macho. Nimefanya makosa mengi nikiwa peke yangu, lakini lile nilikufanya uliandike kwa mkono wako mwenyewe.

Hilo ndilo lililonishinda kulala nalo. Jumatatu nilipigia kliniki ya zamani. Faili lako lipo. Yule daktari mfupi alishastaafu, lakini mpokea simu alinisikiliza vizuri mpaka aliponiuliza umri wako. Nilipomwambia kumi na minane, sauti yake ikabadilika. Akasema samahani, mimi si mtu wa kuzungumza naye tena. Faili ni lako, kumbukumbu zote ni zako, na miadi yoyote lazima uikubali wewe. Nimefanya kazi hospitali miaka yote hii na kanuni hiyo naieleza wazazi wengine kila wiki. Hata hivyo nilimwomba airudie.

Alinifanyia hisani moja. Ameshikilia nafasi kwa jina lako, kesho saa tatu asubuhi. Wanakaa mpaka saa kumi na moja jioni hii wakisubiri uwapigie wewe mwenyewe. Namba nimeiandika nyuma ya karatasi ya mwisho. Najua mlipanga kung'oa nanga saa mbili, gari likiwa limeshajazwa tangu jana, na kwamba kocha anakutaka kambini keshokutwa. Unaweza kwenda kama ulivyopanga, ukatafuta daktari huko. Lakini usikimbie kabla hujapimwa. Hilo nalisema kama muuguzi, na ndilo agizo pekee kwenye barua hii.

Picha yenyewe haiumi. Sijui itasema nini. Huenda ikasema moyo wako ni mzuri kuliko wangu, na ukanichukia kwa kukutisha bure. Huenda ikaonyesha udhaifu kidogo, na ziko dawa za kuusaidia ukigunduliwa mapema. Huenda wakakwambia upunguze mbio, na hapo sitajua la kukwambia, maana nimekuona ukikimbia na najua ni nini kwako. Hata ikiwa nzuri kesho, utarudi tena baada ya muda, na tena. Siku ukipata mimba, mwambie daktari mapema kwamba uliwahi kupewa dawa hii, hata kama hajauliza. Usingoje waulize. Watu huuliza huku wakitumaini jibu jepesi, nawe umelelewa na mtu anayejua kuwapa.

Na ikitokea siku moja watu wakasimama na kukushangilia kwa jambo lako, furahi nao. Ila kesho yake bado uwe na uwezo wa kuwaambia hujamaliza. Mimi niliona haya kuwarudia watu walionipenda na kusema, bado tunahitaji gari Alhamisi. Ni sentensi fupi hivyo tu. Nina hakika sasa kwamba yule mama angenung'unika kidogo kisha angetupeleka.

Baba yako bado anaamini ulipimwa kila mwaka. Sitaki uibebe siri hiyo hata saa moja, kwa hiyo nitamwambia leo, wewe ukiwepo, na mkitaka kunipandishia sauti mtanipandishia wote wawili. Ana haki hiyo kuliko anavyojua. Yeye aliuliza.

Mara ya kwanza nilikuamulia kwa sababu ulikuwa mtoto. Baada ya hapo nikawa nakuamulia kila mwaka, bila hata kukwambia kwamba kuna jambo la kuamua. Sasa hivi hata nikitaka siwezi. Nikisema linanifurahisha nitakuwa nadanganya, lakini ni sawa hivyo.

Gari limeingia. Nawasikia mnabishana kuhusu taa. Ni saa kumi kasoro robo, kwa hiyo una zaidi ya saa moja. Nitakupa karatasi hizi mkononi kabla hujapanda juu, kisha nitakaa mezani mbele yako mpaka umalize kusoma. Simu nimeiweka kwenye chaji. Ukipiga, ukitaka nitoke chumbani, nitatoka.

Mama yako